Je, wajua kwa nini kampuni ya umeme haijui kwako umekatika mpaka upige simu?

Saa mbili usiku umeme unakatika. Unachungulia dirishani, nyumba ya kushoto taa zinawaka, ya kulia giza, ng'ambo ya barabara duka la Mangi friji linanguruma kama kawaida. Unapiga namba ya dharura, unasikiliza muziki weee, dada anapokea na swali lake la kwanza ni "jirani zako wanao?"

Hapo ndo watu wengi wanapandisha hasira, maana nguzo ni zao, nyaya ni zao, mita ni yao, iweje wamuulize mteja. Lakini lile swali ni la kifundi kabisa. Kama ni wewe peke yako, tatizo liko kwenye waya unaoingia kwako au kwenye mita. Kama baadhi ya nyumba za mtaa wanao na wengine hawana, kuna fezi moja imeondoka, yaani moja ya zile nyaya tatu za umeme zinazotoka kwenye transfoma na kugawana nyumba za mtaa. Mtaa mzima ukiwa giza, yawezekana fyuzi ya transfoma imekata, na ikiwa ni mitaa mitatu au minne basi laini kubwa yenyewe imeanguka mahali. Yaani yule dada hana kioo chochote mbele yake kinachomwonyesha nyumba yako, macho yake ni wewe.

Sababu yake iko kwenye namna umeme unavyosafiri. Ukitoka tuseme Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lile la megawati 2,115, unapanda kwenye minara mikubwa kwa msongo wa kilovolti 400 mpaka Chalinze, unaendelea hadi vituo vya kupoza umeme, pale unashushwa kuwa kilovolti 33 au 11 na kuingia kwenye nguzo za mitaani, mwisho transfoma iliyo juu ya nguzo inaushusha tena ndo wewe unapata volti 230 kwenye soketi. Huko juu kwote kuna vipimo na mawasiliano, watu wa chumba cha kuongozea gridi wanaona kila laini inabeba kiasi gani, saa ngapi imechomoka, yaani imejikata, swichi ipi iko wazi. Ila ukishatoka kituo cha kupoza kuingia mitaani, kwa sehemu kubwa wanakuwa kama mtu aliyezimiwa taa. Vituo vya kupoza vinahesabika, transfoma za mitaani ni maelfu kwa maelfu, na wateja ni mamilioni, Kenya peke yake wamepita milioni 9. Zamani kuweka kipimo kila nguzo ilikuwa gharama isiyo na maana, umeme ulikuwa unashuka tu kutoka juu kuja chini kama maji ya bomba, basi wakaweka nyaya nene za kutosha na kuziacha zifanye kazi.

Sasa hapo ndo anaingia mtu wa makala hii, msambazaji. Sio anayezalisha umeme, sio mwenye minara mikubwa, ni yule mwenye kilomita za mwisho. Kenya kazi zimegawanywa, KenGen inazalisha, KETRACO inajenga minara, Kenya Power ndo inakufikishia stima mlangoni. Uganda usambazaji ulikuwa kwa kampuni yenye jina la Umeme tangu 2005 mpaka mkataba wao ulipoisha 31 Machi 2025, kampuni ya serikali, UEDCL, ikachukua. Zanzibar ZECO inapokea umeme kwa nyaya zilizopita chini ya bahari kutoka bara na kuusambaza Unguja na Pemba. Tanzania bara TANESCO inafanya vyote. Na tukiongea gridi janja, yaani mtandao wa umeme unaojipima na kutoa taarifa wenyewe, watu wengi wanawaza mabwawa na mitambo ya kisasa, kumbe asilimia kubwa ya kazi ni ya huyu wa mwisho, kwa sababu ndo sehemu iliyobaki gizani.

Utaniuliza, si tuna LUKU? Si mita ya kisasa hiyo? Hapa panahitaji tutulie kidogo.

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na mita zote za tokeni za aina hiyo ikiwemo za Kenya na zile za Yaka Uganda, zimejengwa kwa akili nyingi sana. Ukinunua umeme kwa simu unapewa namba 20, hizo ndo tokeni. Zile namba ni ujumbe uliofungwa kwa siri, mita yako peke yake ndo ina ufunguo wa kuusoma, ndani umeandikwa yuniti ngapi na umetengenezwa lini. Ndo maana tokeni yako haiingii kwa jirani na huwezi kuitumia mara mbili. Ila angalia mwelekeo wa ujumbe, unatoka kwao unakuja kwenye mita, basi. Mita hairudishi neno. Kampuni inajua ulinunua yuniti 50 Jumanne, lakini umezitumia saa ngapi, volti zako zilikuwa ngapi, na kama sasa hivi una umeme au huna, hawajui. LUKU inasikia lakini ni bubu.

Ushahidi mzuri kabisa ulikuwa 2024. Mnakumbuka ile ya kuambiwa uingize namba 60? Ilikuwa hivi, kila tokeni inabeba muhuri wa muda, na muhuri huo unahesabu dakika kuanzia 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inaishia dakika 16,777,216, ukizipiga kwa miaka unaangukia 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita zingeanza kukataa tokeni mpya. Dunia nzima mita za mfumo huo zilihitaji kubadilishiwa ufunguo ili hesabu ianze upya, na kwa kuwa mita haina simu wala intaneti, njia ilikuwa moja tu, mteja mwenyewe asimame mbele ya mita abonyeze tokeni mbili za kubadilisha ufunguo, namba 20 na 20, alafu ndo ya tatu yenye yuniti zake. Bibi kijijini, mpangaji, mwenye gesti, kila mtu akawa fundi kwa dakika tano. Mita ingekuwa inaongea, kazi hiyo ingefanyika usiku mmoja mmelala.

Mita janja ndo hiyo inayoongea. Waitaliano walianza mapema kuliko wengi, kampuni ya Enel ilianza 2001 kubadilisha mita za nyumba zote na ndani ya miaka michache walikuwa wamefunga zaidi ya milioni 30. Namna walivyofanya inapendeza, mita haina laini ya simu, inatuma ujumbe kwa kupitia waya uleule wa umeme mpaka kwenye kiboksi kilichofungwa penye transfoma, hicho kiboksi ndo kina laini ya simu na kinapeleka taarifa za nyumba zote makao makuu. Na waliofunga ni wasambazaji, wenye nyaya. Uingereza walichagua njia nyingine, wakawapa kazi wauzaji wa umeme ambao hata nguzo hawana, nyumba hii muuzaji huyu, jirani muuzaji mwingine, na zoezi limeburuzwa miaka mingi kupita tarehe walizojiwekea mwanzo. Mimi naona Italia walikuwa sahihi kwenye hili, mwenye waya ndo ana sababu ya kujua kinachoendelea kwenye waya.

Lakini mita ni nusu tu ya habari. Fikiria laini ya kilovolti 11 imepata hitilafu, tawi la mwembe limeangukia waya saa nane usiku na mvua inanyesha. Kwenye mfumo wa kawaida laini yote inachomoka, labda mitaa kumi, ingawa tatizo liko sehemu moja. Mafundi wanapanda gari, wanaifuata laini na tochi, wanafika kwenye swichi ya katikati wanaifungua, wanapiga simu kituoni "jaribu kurudisha," ikikaa wanajua hitilafu iko mbele, ikichomoka iko nyuma, wanasogea tena. Hiyo inaweza kula saa tatu nne. Hatua ya kwanza ya ujanja hapo ni kitu kidogo tu, kitaa kinachoning'inizwa kwenye waya, mkondo wa hitilafu ukipita kinaanza kuwakawaka chekundu, fundi anafuata taa nyekundu mpaka zinapoishia, kati ya taa ya mwisho inayowaka na ya kwanza isiyowaka ndo pana tatizo. Hatua ya juu zaidi ni swichi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, zinatenga kipande kibovu na kuwarudishia wengine umeme kwa njia ya pili kabla hata fundi hajavaa buti. Mji wa Chattanooga kule Tennessee, Marekani, kampuni ya umeme ya mji inaitwa EPB, walipata ruzuku ya dola milioni 111.5 mwaka 2009, wakapitisha nyaya za faiba kwenye nguzo zao na kufunga swichi za hivyo zaidi ya 1,000. Faiba ileile ikawapa wakazi intaneti ya kasi ya gigabiti moja kuanzia 2010.

Tuje kwenye jambo linalotuhusu zaidi huku kwetu, mzigo. Serikali ya Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya watu wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Jambo jema sana, moshi unaua mama zetu. Sasa chukua transfoma ya kVA 100, yaani inayobeba kama kilowati 100 hivi, yenye nyumba 100, kila nyumba inunue presha kuka ya umeme ya wati 1,000, na wote wapike maharage saa moja jioni. Hizo ni kilowati 100, transfoma imejaa kwa maharage peke yake, bado taa, friji, pasi, na kijana wa bodaboda ya umeme anayechaji betri. Transfoma inachemka, nyumba za mwisho wa laini zinapata umeme mdogo, taa zinafifia, na siku moja inapiga shoti. Bwawa lina umeme wa kutosha kabisa, ila mtaa hauna. Msambazaji mwenye kipimo kwenye transfoma anaiona inapanda wiki hadi wiki, anaibadilisha au anahamishia nyumba kadhaa kwenye fezi iliyo nyepesi, na hilo la fezi mara nyingi ndo dawa ya bei rahisi kuliko zote, unakuta fezi moja imebebeshwa nyumba 60 na nyingine 15 kwa sababu kila fundi aliyekuja kuunga mteja mpya alishika waya uliokuwa karibu.

Na umeme siku hizi unapanda kinyume pia. Sola za juu ya paa mchana zinazalisha wakati watu wako kazini, umeme unarudi kwenye nguzo, volti za mtaa zinapanda. South Australia wanaishi na hili kila siku, zaidi ya theluthi moja ya nyumba zina sola. Machi 2021 ilifika siku jua ni kali na matumizi ni madogo mpaka ikabidi baadhi ya sola za majumbani zizimwe kutoka mbali ili mfumo usiyumbe. Msambazaji wa kule, SA Power Networks, akaja na njia niliyoipenda. Badala ya kumwambia kila mteja mpya mwisho wako kuuza ni kilowati 1.5 milele, wanaipa inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kuingia kwenye gridi, kiwango kinachobadilika kadri hali ya laini inavyoruhusu, siku nyingi inaruhusiwa mpaka kilowati 10, siku mbaya inashushwa. Bila vipimo mitaani hawawezi kufanya hivo. Kenya wameshatoa kanuni za kuruhusu wenye sola kubadilishana umeme na gridi, 2024, kwa hiyo swali hili limeshafika Afrika Mashariki.

Hofu zipo na ni za haki. Mita inayotuma matumizi yako kila nusu saa inasema umeamka saa ngapi na wiki gani hukuwepo nyumbani, ndo maana 2009 Seneti ya Uholanzi ilikataa kuzifanya za lazima. Wezi wa mitandao nao wapo. 23 Desemba 2015 Ukraine kampuni tatu za usambazaji ziliingiliwa, watu wa zamu wakaona kishale cha kompyuta kinatembea chenyewe kwenye kioo na kufungua swichi moja baada ya nyingine, wateja kama 225,000 wakabaki gizani kwenye baridi. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari wakaenda vituoni kufunga swichi kwa mikono. Kwa hiyo msambazaji anayejenga gridi janja asije akawaachisha kazi wale wanaoijua laini kwa miguu.

Hayo yote yanaanzia kwenye kazi isiyo na mvuto kabisa, kujua mita ipi iko kwenye transfoma ipi na fezi ipi. Ukiwa na mita janja milioni lakini hujui zimeungwa wapi, zitakuambia nyumba 40 zimezima na bado hutajua umtume fundi nguzo gani. Daftari hilo halijengwi ofisini, linajengwa na kijana anayepita mtaani na simu yenye ramani, anapiga picha nguzo, anasoma namba ya transfoma, anagonga geti kuomba kuona mita. Akija kwako muombe kitambulisho, maana vishoka wapo, akikuonyesha mfungulie geti na mfungie mbwa. Na ile namba iliyoandikwa kwenye transfoma ya mtaa wenu kaisome kesho mchana, iandike kwenye simu, ili siku dada akikuuliza kama jirani wanao umtajie na transfoma.