Kasi ipo, mbona simu ya video inakatakata?

Malalamiko ninayoyasikia zaidi hapa Mbeya ni haya: "Fundi, filamu inacheza vizuri, lakini nikipiga simu ya video sura inaganda na sauti inakatakata." Mwingine anakuja na kinyume chake, simu zinaenda ila filamu inakwama. Wote wawili wameshaamua dawa: kupandisha kifurushi. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure, na inaniuma kuona familia inalipia megabiti ambazo tatizo lake halizihitaji.

Filamu na simu hazitumii mtandao kwa namna moja. Programu ya filamu hupakua mapema kipande cha mbele na kukiweka akiba, kwa hiyo laini ikiyumba sekunde chache hutajua. Inachotaka ni kasi ya kutosha: Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K. Simu haina akiba. Neno ulilotamka sasa lifike sasa, au lisifike kabisa. Kasi inayohitaji ni ndogo, kama megabiti 1.2 kwenda na kurudi kwa watu wawili wanaoonana kwa HD kwenye Zoom. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake G.114, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana hapo, mnaanza kuingiliana maneno.

Ndiyo maana sianzi na kipimo cha kasi. Kwanza nataka kujua ugonjwa uko ndani ya nyumba au nje. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t na anwani ya rauta yako; amri hii inatuma ujumbe mdogo tena na tena na kupima jibu linachukua milisekunde ngapi. Anwani hiyo iko kwenye kibandiko chini ya rauta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Fungua dirisha la pili, andika ping -t 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Acha yote mawili yakimbie huku unapiga simu kama kawaida. Dirisha la kwanza linapima safari ya kutoka kwako hadi kwenye rauta, la pili linaendelea hadi nje. La kwanza likionyesha milisekunde chache tu bila kuyumba, waifai yako ni nzima. Likiruka hadi 80, 200, kisha majibu yakapotea, usimpigie mtoa huduma. Tatizo unalo sebuleni.

Na sebule zetu zina mazoea mabaya kwa waifai. Rauta inawekwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, pembeni yake kuna sufuria za ukumbusho wa harusi. Kitambaa hakizibi mawimbi, ila kinazuia joto kutoka. Sufuria na televisheni ndizo zinazoyarudisha mawimbi. Itoe, iweke juu na mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta za tofali za kuchoma vizuri kuliko ya gigahezi 5, kwa hiyo chumba cha mbali tumia 2.4, ukiwa chumba kimoja na rauta tumia 5. Kwa anayefanya kazi au kusoma kwa simu za video kila siku, waya wa mtandao uliovutwa hadi mezani utamsaidia kuliko rauta mpya ya bei kubwa.

Sasa twende kwenye kosa ambalo wengi hawalijui. Mama mmoja wa Isanga alikuwa anashindwa kuongea na mwanae aliyeko masomoni, kila jioni, wakati huohuo. Ping ya rauta ilikuwa milisekunde 2 au 3, ya nje 45. Safi kabisa. Kisha binti yake akarudi, simu yake ikashika waifai na kuanza kupakia picha za siku nzima. Tukiwa tunaangalia, namba za dirisha la pili zikapanda: 300, 700, zikavuka 1000. Hakuna paketi, yaani kipande kidogo cha data, iliyopotea, zote zilikuwa zinafika, zimechelewa. Nikamwomba asimamishe upakiaji, na baada ya muda mfupi tukarudi 45.

Kilichotokea ni kwamba njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua, na rauta ina kumbukumbu kubwa ya kupanga foleni. Picha zikiijaza, paketi ndogo ya sauti inasubiri nyuma yake, kama bodaboda iliyobanwa na malori kati ya Uyole na Mafiati. Tiba yake inajulikana. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, njia ya kuizuia foleni isirefuke, na mrithi wake fq_codel aliandikwa rasmi mwaka 2018 katika RFC 8290, hati ya kiufundi ya intaneti. Kwenye rauta tafuta SQM, mpangilio unaoidhibiti foleni hiyo, kisha weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi uliyopima. Kwa laini ya 4G, ambayo kasi yake hupandashuka, weka kikomo chini zaidi. Rauta isiyo na SQM, ziambie simu zipakie picha usiku wa manane.

Ikiwa ndani hakuna tatizo na hakuna anayepakia, bado nje. Wenye faiba, angalia taa ya LOS, inayoonya kuwa mawimbi ya faiba hayafiki. Ikiwaka nyekundu, waya umekatika au umekunjwa vibaya, na hapo ni kazi ya mtoa huduma. Wenye rauta ya laini ya simu, ingia kwenye ukurasa wake utafute RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, usafi wake dhidi ya kelele. RSRP ya -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu. SINR juu ya 20 ni safi, chini ya 0 ni kelele tupu. Huku kwetu kwenye milima, kusogeza rauta kutoka dirisha moja hadi jingine linaloelekea mnara hubadilisha namba hizi kuliko mtu anavyotegemea. Mvua husingiziwa sana, hasa Tukuyu. Matone yenyewe hayaidhuru sana 4G. Yanaumiza dishi la setilaiti. Miti yenye majani mabichi mbele ya nyumba inazuia zaidi.

RSRP na SINR zikiwa nzuri alfajiri na jioni, lakini ping ya nje ni 50 alfajiri na 400 saa mbili usiku, mnara umejaa watu. Kifurushi kikubwa hakiongezi nafasi kwenye mnara. Jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kulipa chochote. Na ukiamua kupiga simu huduma kwa wateja, usiseme tu "mtandao ni mbovu". Wasomee: ping ya rauta 2, ya nje 400, saa mbili usiku, nimetumia waya, RSRP -85, SINR 15.