Je, wajua kwa nini gari lililozimika katikati ya mbio linaweza kumpatia mwanafunzi kazi?

Kwa muda mrefu nilidhani mashindano ya uhandisi ya wanafunzi yanakwenda kama ligi ya mpira: anayebeba kombe ndiye anayeonekana, wengine wanarudi nyumbani na fulana. Nikitazama picha za vigari vya Formula Student, vile vya kiti kimoja vyenye mabawa makubwa kuliko mwili, hesabu yangu ilikuwa fupi. Gari lenye kasi linashinda, na aliyeshinda anaajiriwa. Nilikosea mara mbili.

Nianze na kasi. Mashindano haya, ambamo wanafunzi wa vyuo hubuni, huunda na kuendesha gari lao wenyewe la mbio, yalianzia Texas, Marekani, mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE. Mwaka 1998 yakaingia Uingereza kama Formula Student, na leo yanafanyika katika nchi nyingi. Pointi zote ni 1,000. Kwa kanuni za Marekani, 325 kati ya hizo hutolewa gari likiwa limesimama tuli: 150 za usanifu, 100 za gharama na 75 za kuwashawishi waamuzi kwamba gari hilo lina soko. Ndiyo, soko. Wanafunzi huchukuliwa kama timu iliyopewa kandarasi na kiwanda cha kufikirika, kwa hiyo lazima waeleze bei ya kila kipande mpaka nati na washa. Kuchomoka kwenye mita 75 za mstari ulionyooka, jambo ambalo mimi ningeliita mashindano yenyewe, kuna pointi 100 tu.

Na kabla ya kuchomoka kuna ukaguzi. Gari huwekwa juu ya meza inayoinamishwa hadi digrii 60, ili ionekane kama linavuja au linapinduka. Dereva lazima aweze kutoka ndani ya sekunde 5. Breki zikikanyagwa, magurudumu yote manne yagande. Kuna timu hufika na gari zuri ajabu na kuishia kwenye foleni hiyo, spana mkononi. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 wanafunzi wa chuo cha ETH Zürich na wenzao wa Lucerne, Uswisi, walifikisha gari lao la umeme kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956, rekodi ya dunia kwa magari ya umeme. Haikuwaongezea pointi hata moja, maana waliiweka nje ya mashindano.

Kosa la pili lilihusu kile anachokitafuta mwajiri. Waamuzi wa usanifu wengi ni wahandisi wa viwandani waliokuja kwa kujitolea. Mwamuzi anagusa kipande kimoja, tuseme bomba linaloshikilia gurudumu la mbele, kisha anauliza: kwa nini unene huu? Mwanafunzi akijibu "la mwaka jana lilikuwa hivi," pointi zinayeyuka. Akijibu "tulipiga hesabu ya mzigo wakati wa kufunga breki, tukaanza na nene, tukapunguza, la tatu likapinda, hili ni la nne," mwamuzi anasogea karibu.

Fikiria pilau ya shughuli. Aliyeipika na aliyeinunua wote wanaweza kukupakulia sahani inayonukia. Sasa waulize kwa nini vitunguu vimeachwa vikawa vyeusi kiasi hicho, au wangefanyaje kama mchele ungekuwa wa aina nyingine. Aliyenunua atasema ni tamu. Aliyepika ataanza kukueleza habari za moto, na akikuzoea atakusimulia sufuria ya kwanza iliyoungua. Cheti cha chuo ni sahani. Mwajiri anataka habari za jikoni, na shida ya usaili ni kwamba wahitimu wengi hawajawahi kuwa na jiko la kusimulia.

Hapo ndipo gari lililozimika linapopata thamani. Mbio ndefu ni za kilomita 22, na katikati madereva hubadilishana. Injini huzimwa, wana dakika 3, kisha lazima iwake tena yenyewe ikiwa bado inatokota. Injini za petroli nyingi zimegoma hapo hapo. Kwa pointi ni balaa, kwa sababu mbio hizo zina 275. Mbele ya mwajiri ni sufuria iliyoungua: je, petroli iligeuka mvuke kwenye mpira wake, au betri ilichoka? Mlijuaje? Mkabadilisha nini?

Njia ya kutoka karakana ya chuo hadi kazini imepitwa na watu wanaojulikana. Gene Berdichevsky, mfanyakazi wa saba wa Tesla, alitoka kwenye timu ya gari la jua ya chuo cha Stanford. Vijana wa Eindhoven, Uholanzi, walioshinda daraja la magari ya familia kwenye mbio za magari ya jua za Australia mwaka 2013 na 2015, walianzisha kampuni ya Lightyear mwaka 2016. Kitengo chake cha uzalishaji kilifilisika mwaka 2023, kwa hiyo kombe halikuwa kinga. Kwetu, Makerere ilishiriki mradi wa pamoja wa wanafunzi wa vyuo mbalimbali ulioongozwa na wale wa chuo cha MIT, Marekani. Haukuwa mashindano, lakini baada yake lilikuja gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola mwaka 2016.

Tahadhari moja, na si ndogo. Anayekubali kulala karakanani miezi kadhaa bila kulipwa pengine angekuwa mhandisi mzuri hata bila mashindano. Sehemu ya mafanikio haya ni chujio tu, na kutenganisha chujio na mafunzo ni kazi ngumu. Tena chujio lenyewe lina matundu ya pesa: matairi, usafiri na ada vinahitaji wafadhili, na si kila chuo kinao.

Halafu si wote wanaoshika spana. Kila timu ina mtu wa ripoti ya gharama, ambaye huenda hajawahi kukaa kwenye usukani. Huyo ndiye anayejua bei ya washa, na viwandani wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kujua hilo hilo.