Ufungamano wa kwantumu na maana ya "lau"

Ukisema ajali ilisababishwa na breki mbovu, unadai pia jambo ambalo hakuna aliyeliona: lau breki zingekuwa nzima, gari lisingepinduka. Mwaka 1973 mwanafalsafa Mmarekani David Lewis alijenga nadharia ya sababu na matokeo juu ya sentensi za namna hiyo. Kwa polisi wa barabarani kigezo hicho kinatosha. Kwa fotoni (chembe za mwanga) zilizofungamana, yaani ambazo matokeo ya vipimo vyake yanahusiana hata zikiwa mbali, kinatuingiza matatani.

Chukua fotoni mbili zilizozaliwa pamoja. Moja inakwenda kwa Asha, nyingine kwa Baraka aliye mbali. Kila mmoja ana kichujio cha mwanga anachokielekeza kwenye pembe moja kati ya tatu: nyuzi 0, 60 au 120. Fotoni ama hupita, ama huzuiwa. Wakichagua pembe ileile, majibu yao hulingana kila mara. Wakichagua pembe tofauti, hulingana robo tu ya mara zote.

Mtu atauliza, ajabu iko wapi? Ukifika safarini ukakuta kandambili ya kushoto peke yake ndani ya begi, unajua papo hapo kwamba ya kulia imebaki nyumbani, na hakuna aliyeibadilisha kwa mbali. Wanafizikia Einstein, Podolsky na Rosen walishika njia inayokaribia hiyo mwaka 1935: ikiwa kipimo cha huku hakigusi kitu kule, basi jibu lilikuwepo tangu mwanzo, na nadharia ya kwantumu, yaani fizikia ya vitu vidogo kama fotoni, imeliacha nje.

Mwaka 1964 John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland Kaskazini, alionyesha kwamba dai hilo linaweza kupimwa. Kwa mfano wetu hesabu ni fupi. Tuseme kila fotoni imebeba majibu ya pembe zote tatu. Majibu yanayowezekana ni mawili tu, kwa hiyo kati ya pembe tatu lazima angalau mbili ziwe na jibu moja. Basi wakichagua pembe tofauti kwa kubahatisha, majibu yalingane angalau theluthi ya mara zote. Kwantumu inasema robo, na robo haifiki theluthi. Majaribio ya Clauser na Freedman mwaka 1972, ya Aspect mwaka 1982, na ya Delft, Uholanzi, mwaka 2015 kwa umbali wa kilomita 1.3, yote yaliunga mkono kwantumu.

Sasa tazama "lau" ilipojipenyeza. Asha alipima nyuzi 0. Sisi tukamwandikia pia majibu ya 60 na 120, yaani ambayo angeyapata lau angegeuza kichujio. Mwanafizikia Asher Peres alikataa katakata mwaka 1978: jaribio lisilofanyika halina matokeo. Ni jibu zuri, ila naliona rahisi mno. Ukilikubali, bado unadaiwa kueleza kwa nini pembe zikiwa sawa majibu hayatofautiani hata mara moja.

Basi tuseme tokeo la Asha ndilo linalosababisha la Baraka? Kwa kigezo cha "lau" inaelekea ndiyo: pembe zikiwa sawa, lau fotoni ya Asha ingezuiwa, ya Baraka nayo ingezuiwa. Lakini igeuze sentensi, nayo inabaki kweli vilevile. Kutazama nani alitangulia hakusaidii, kwani vipimo vikifanyika karibu wakati mmoja kiasi kwamba hata mwanga hauwahi kufika upande wa pili, nadharia ya uhusianifu ya Einstein haina mpangilio mmoja wa kutangulia kwa watazamaji wote.

Kuna jingine. Asha anaweza kuchagua pembe. Hawezi kuchagua tokeo. Na pembe yoyote atakayochagua, Baraka akitazama rekodi yake peke yake ataona nusu zimepita na nusu zimezuiwa. Hakuna ujumbe unaoweza kupelekwa hivyo. Kwa wanaosema sababu ni kitu unachoweza kukitikisa ili kingine kibadilike, hapa hakuna mpini wa kushika.

Wafuasi wa mwanafizikia David Bohm wanakubali kwamba kuna athari ya moja kwa moja ya mbali, ila imefichika. Wafuasi wa mwanafizikia mwingine, Hugh Everett, wanakataa kwamba Asha alipata jibu moja tu: kwao majibu yote mawili yametokea, kila moja kwenye tawi lake la ulimwengu, na hesabu ya Bell haina pa kuanzia.