Ukienda Maporomoko ya Sanje, panga kwanza saa ya kurudi

Wanaopanga kwenda Sanje hutuuliza sisi waongozaji kwanza habari za nyoka, kisha chui. Ni nadra mtu kuuliza giza linaingia saa ngapi. Chui wapo, nyoka wapo, na mara nyingi wote wawili huwa wameshakukwepa kabla hujajua walikuwa karibu. Giza halimkwepi mtu.

Sanje iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Maji yanashuka mita zipatazo 170 katikati ya msitu, kwa hatua tatu, kwenye upande wa mashariki wa mlima unaotazama Bonde la Kilombero. Huo upande wa mashariki ndio wa kukumbuka. Asubuhi jua huupiga mlima usoni. Alasiri huhamia nyuma yake, na kivuli kikatanda msituni huku chini kwenye mashamba ya miwa kukiwa bado kweupe. Ikifika saa 11 jioni, chini ya ile miti mikubwa, mzizi ulio mbele ya kiatu chako unaanza kufanana na udongo.

Hili nilijifunza kwa aibu. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii niliongoza kundi la walimu. Asubuhi tulimngoja mmoja aliyechelewa, tukangoja na chapati zilizoagizwa, tukaanza kupanda karibu saa 6 mchana. Mimi ndiye niliyepaswa kusema "leo hatufiki juu, tuishie maporomoko ya chini." Sikusema, kwa kuwaonea haya watu waliotoka mbali. Kipande cha mwisho cha kushuka tulikimulika kwa tochi za simu, tumeshikana mabega, na mwalimu mmoja mwenye raba za soli laini aliteremka sehemu kubwa ya njia kwa makalio. Hakuna aliyeumia. Ila tangu siku hiyo huwa naanza hesabu kutoka mwisho.

Hesabu yenyewe ni hii. Nataka kila mtu awe amefika chini saa 9 alasiri. Kushuka kunakula saa moja na nusu mpaka mbili, kwa sababu magoti yaliyochoka hayana haraka. Juu mtataka kupumzika, kula na kupiga picha: weka saa moja na nusu. Kupanda kwa mwendo wa watu wasio na mazoezi ni saa mbili na ushee. Basi mguu wa kwanza uingie njiani saa 2 asubuhi, na ikizidi sana, saa 3. Juu ya hayo wekeni saa ya kugeuza: ikigonga saa 7 mchana, popote mlipo, mnarudi. Mkubaliane mkiwa chini na akili zimetulia. Mkishayasikia maji yakinguruma hapo mbele, hakuna atakayekubali kugeuka.

Kwa hesabu hiyo, safari ya kutoka Dar es Salaam na kurudi siku hiyohiyo haipo. Mpaka Mikumi peke yake ni karibu kilomita 300, na kutoka hapo bado unapitia Kidatu, zaidi ya kilomita 60, ndipo ufike Mang'ula yaliko makao makuu ya hifadhi. Laleni Mang'ula. Malipo na taratibu za kuingia zikamilisheni mapema, jioni ya kuamkia safari ikiwezekana, maana dakika 40 za kuhangaika na malipo ya simu mlangoni ni dakika 40 za mwanga. Njia ya Sanje haianzii makao makuu. Mtahitaji gari la kuwapeleka kijijini Sanje, umbali wa kilomita zipatazo kumi, na la kuwafuata baadaye.

Mwongozaji ni lazima, na wapo wanaomwona kama gharama ya kulazimishwa. Nitawasimulia jambo. Mwaka 1979 watafiti wakiwa katika msitu huu walisikia mlio wa kima usio wa kawaida. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia huyo ni n'golaga. Alikuwa mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika popote, na hadi leo hajulikani kuishi nje ya milima hii. Sikio la namna hiyo ndilo mnalolilipia. Ndilo linalotambua tembo walio mbele kwa kuvunjika kwa tawi, likawasimamisha nyote kabla hamjakutana nao kwenye kona.

Kuhusu majira, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kukanyaga pakavu. Machi hadi Mei maporomoko yanapendeza kuliko wakati wote, na njia ni mbaya kuliko wakati wote. Mimi siwashauri wanaoanza. Lakini hata kiangazi mvua inaweza kunyesha juu mlimani nanyi mkiwa mmeanika nguo juani kando ya maji. Kijito hakisubiri wingu lifike kichwani kwako. Angalieni rangi: maji yaliyokuwa meupe yakianza kuwa na wekundu wa udongo, majani na vijiti vikaongezeka, au mngurumo ukabadilika ghafla, ondokeni majini na mpande kwenye ukingo ulioinuka. Kama mlivuka kijito wakati wa kuja na sasa kimejaa, ngojeni upande mlipo. Maji yaendayo kasi, hata yakiishia magotini, yanamwangusha mtu mzima.

Kuogelea, mwongozaji atawaonyesha mahali. Kuruka kutoka juu ya jiwe, hapana. Jiwe lenye ukoga linalorushiwa manyunyu mchana kutwa halijakauka hata kama linang'aa juani, na shimo la maji uliloliona kwenye picha ya mwaka jana huenda limeshapokea mwamba mpya. Sabuni na shampuu ziacheni gesti, kwani vijito vya milima hii ndivyo vinavyotegemewa na vijiji vya huko chini.

Begi lisiwe zito. Maji lita mbili kwa kila mtu, tatu kama unatoka jasho sana. Njia ya chini ina joto na unyevu kuliko watu wanavyodhani wakisikia neno "mlima". Chakula kisichomwagika. Koti la mvua. Tochi halisi, siyo ya simu. Viatu vyenye meno. Yeboyebo libaki kwa ajili ya kukanyagia majini. Suruali ndefu, na soksi unazoweza kuzivuta juu ya pindo lake, maana kuna siafu. Ukiwaona wamekata njia, ruka na uendelee. Anayesimama kuwapiga picha ndiye anayevua suruali mbele za watu. Dawa ya kuzuia mbu pia, kwa ajili ya jioni, kwa kuwa Kilombero ni bonde la malaria.

Mtu akiteguka mguu, msimvute asimame. Mkalisheni, mfungeni mguu huo kwa khanga au skafu, mwongozaji aombe msaada. Aliyeumwa na nyoka atulizwe na asitembezwe, kiungo kisitingishwe, pete na bangili zivuliwe kabla hakijavimba. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Apelekwe hospitali, na Ifakara kuna hospitali ya rufaa.

Simu hupoteza mtandao kwenye mikunjo ya mlima, kwa hiyo kabla ya kupanda mwachie mtu mmoja ujumbe ulio wazi: tuko wangapi, tunapanda Sanje, tutapiga saa 10, na tusipopiga hadi saa 11 na nusu piga simu ofisi ya hifadhi. Namba ya ofisi muandikie humohumo kwenye ujumbe. Mtakaposhuka mtakuwa na njaa, na pale barabarani wali utakuwa unanukia. Mpigieni huyo mtu kwanza, ndipo muagize.