Leonard Teale amefariki, lakini rekodi zake bado zina wenyewe

Kila inapokaribia tarehe 27 Oktoba, Siku ya Dunia ya Urithi wa Sauti na Picha, maombi ya rekodi za zamani huongezeka mezani kwetu, na malalamiko huongezeka pamoja nayo. Mengi ya safari hii yanatoka kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Australia wenye chaneli zao mtandaoni: video imeondolewa, chaneli imepewa onyo, na mwenyewe anauliza kosa liko wapi ilhali mwigizaji anayesikika alishakufa. Nitaeleza kwa kumtumia mtu mmoja, Leonard Teale, mwigizaji wa redio na televisheni wa Australia, maana kazi yake imepita katika karibu kila aina ya rekodi tunayoulizwa.

Teale alizaliwa Brisbane mwaka 1922 kwa jina la Leonard Thiele. Anayemtafuta kwenye kumbukumbu atafute kwa tahajia zote mbili. Wengi hutafuta moja, wakakosa, kisha wakatuandikia kwamba tumeficha nyaraka. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Australia, na baada ya vita akajikita kwenye redio.

Alifika wakati mzuri. Vita vilipoanza, serikali ya Australia ilizuia kuingiza santuri za vipindi kutoka Marekani ili kuokoa dola, na studio za Sydney na Melbourne zikalazimika kutengeneza michezo yao. Kazi ilikuwa tele, malipo yalikuwa kwa kipindi, na vipindi vingi vilikuwa vya robo saa. Mwigizaji aliweza kuwa daktari asubuhi katika studio moja na jambazi mchana katika studio nyingine, karatasi mkononi, mazoezi machache. Mchezo ulichongwa moja kwa moja kwenye santuri ya inchi 16. Hapakuwa na kukata na kuunga; ukijikwaa vibaya, santuri ile inawekwa kando na kipindi kinaanza upya. Wanaodhani uigizaji wa redio ulikuwa kusoma tu wajaribu dakika kumi na mbili bila kukwama. Katika mazingira hayo Teale, mwenye sauti nzito na matamshi yasiyomeza herufi, akawa Superman wa redio ya Australia.

Televisheni ilianza rasmi Sydney tarehe 16 Septemba 1956, na ndani ya miaka michache tamthilia za redio ya biashara zilikuwa zimenyauka. Waigizaji hawakuhamia tu upande wa pili, kama watu wanavyopenda kusimulia. Vituo viliona ni nafuu kununua vipindi vya Marekani kuliko kutengeneza, na wengi wakabaki bila kazi. Kilichobadilisha mambo ni Homicide, mfululizo wa wapelelezi wa mauaji uliotengenezwa Melbourne na kampuni ya Hector na Dorothy Crawford, ambayo nayo ilikulia kwenye redio. Ulianza Oktoba 1964. Teale aliingia mwaka 1965 kama mpelelezi Mackay na akakaa hadi 1973. Watazamaji walizoea wanaume wenye kofia wakishuka garini, lafudhi zao wenyewe, mitaa wanayoifahamu. Mfululizo ulidumu hadi 1977 na kupita vipindi 500. Baadaye Teale akawa mwalimu mkuu katika tamthilia ya shule, Class of '74. Alifariki mwaka 1994.

Sasa hakimiliki. Kwa Australia, rekodi ya sauti iliyotolewa hulindwa miaka 70 kuanzia mwisho wa mwaka iliyotolewa. Kifo cha mwigizaji hakimo katika hesabu hiyo, na ninaomba tusirudie tena swali hili. Hadi mwisho wa 2004 muda ulikuwa miaka 50, kwa hiyo rekodi za kabla ya 1955 zilishatoka kwenye ulinzi na hazikurudishwa. Superman ya Teale inaangukia sehemu kubwa katika kipindi hicho, na hapo ndipo watu husherehekea mapema. Rekodi ni tabaka moja tu la hakimiliki. Maandishi ya mchezo yana muda wake, unaofuata uhai wa mwandishi na miaka 70 baada yake, na mhusika Superman ana mwenyewe Marekani.

Teale alirekodi pia mashairi ya Banjo Paterson, mshairi wa Australia. Paterson alifariki 1941, na mashairi yake hayalindwi tena nchini Australia. Unaweza kuyasoma mwenyewe hewani hata kesho. Lakini santuri ya Teale akiyasoma, kama ilitolewa mwaka 1955 au baadaye, hesabu yake ni ya miaka 70. Kwa Homicide ni kugumu zaidi: filamu iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Mei 1969 sheria haiilindi kama filamu bali kama kazi ya maigizo na mkusanyiko wa picha. Usikisie. Uliza.

Kutaja chanzo si kibali. Kuandika «sina nia ya kukiuka hakimiliki» chini ya video si kibali pia. Zile sekunde 30 ambazo watu hudai ni bure kutumia hazimo katika sheria ya Australia. Kilichomo ni matumizi ya haki kwa malengo yaliyotajwa, kama utafiti au masomo, uhakiki, habari na kejeli. Ile asilimia 10 ya kazi mnayosikia kwamba inaruhusiwa kunakiliwa inahusu maandishi. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi usijione uko mbali: Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda hakimiliki, na mchezo ulioandikwa Australia unalindwa na sheria za huko uliko.

Mashauri mengi huisha kwa kuondoa video na kulipa fidia. Nchini Australia, ukiukaji wa kiwango cha biashara ni kosa la jinai: kwa mtu binafsi, kifungo kisichozidi miaka 5, au faini hadi vipimo 550 vya adhabu, au vyote viwili. Kipimo kimoja kiliwekwa kuwa dola 330 za Australia Novemba 2024, kwa hiyo ukomo wakati huo ulikuwa dola 181,500. Kwa kampuni faini inaweza kufika mara tano ya hiyo.

Mwenye santuri za studio nyumbani, hasa zile za bati lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa, asizicheze kwenye gramafoni ya kawaida. Sindano huchuna lile tabaka, na sauti iliyochunwa hairudi. Azisimamishe wima, mahali pakavu pasipo joto, asifute lebo, kisha aandikie Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti, Canberra. Barua itaje maandishi yote ya lebo kama yalivyo, hata yanayoonekana kuwa namba tu, pamoja na zilikotoka. Kuzikabidhi santuri hakumpi mtoaji wala hifadhi hakimiliki ya kilichomo. Ombi la kuzirusha hewani huandikwa peke yake, likitaja kipindi, dakika zinazotakiwa, na nchi zitakazoisikia.