Kiini kidogo kimoja hakitaji sumu

Nimeletewa tena picha ya simu iliyopigwa kupitia hadubini: seli moja nyekundu ya damu ya kobe wa maji, kidoa pembeni ambacho mtumaji anadhani ni kiini kidogo, yaani alama ya DNA iliyoharibika, na swali lile lile, "Bwawa hili lina sumu gani?" Picha hiyo haisemi lolote kuhusu bwawa.

La kwanza nilimalize haraka. Seli nyekundu za kobe zina kiini, kwa hiyo aliyezoea damu ya binadamu asikiandike kuwa ni kasoro. Tunachohesabu ni kiini kidogo kilichoachwa nje seli ilipogawanyika, ama kwa kuwa kipande cha kromosomu kilikatika, ama kwa kuwa kromosomu nzima ilichelewa kuvutwa upande wake. Kiwe cha mviringo, kisizidi theluthi ya kiini kikubwa, visigusane, na rangi zao zilingane.

Sasa linaloniudhi. Nusu ya "viini vidogo" ninavyoonyeshwa si viini. Kuna chembe za Giemsa, rangi ya kupaka damu, ambayo mtu hakuichuja: ukisogeza fokasi utaona zimekaa juu ya seli, haziko ndani. Kuna vimelea vya Haemogregarina, ambavyo kobe huambukizwa na ruba. Na kuna vidoa vya bluu kwenye saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, ambavyo reptilia wengi huwa navyo bila kuumwa chochote. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyowadanganya hata wazoefu. Ukisita, paka rangi ya akridini ya chungwa uangalie chini ya taa ya mng'ao. DNA itang'aa kijani, na kidoa kisicho na DNA kitajifichua. Tena damu ichukuliwe kwa heparini ili isigande, maana EDTA, kizuia-kuganda kingine, hupasua seli za kobe wengi, na seli iliyopasuka haisomeki.

Hata ukiwa na hakika kwamba ni kiini kidogo, kobe mzima anayeishi kwenye maji safi naye anavyo vichache. Ndiyo maana tunahesabu seli 1,000 au 2,000 kwa kila mnyama, wanyama wengi, kisha tunawalinganisha na wenzao wa spishi ile ile, umri unaokaribiana, msimu ule ule, kutoka maji yasiyochafuliwa. Anayesoma slaidi asijue ipi imetoka wapi. Bila kundi la kulinganisha, hesabu yako ni namba tupu.

Utafiti wa Azabajani uliochapishwa 2005 ulifanya hivyo kwa spishi mbili za kobe wa maji, Emys orbicularis na Mauremys caspica. Baadhi ya kobe hao walitoka eneo la Sumqayit, kaskazini mwa mji mkuu Baku, uliokuwa mji wa viwanda vya kemikali enzi za Kisovieti. Watafiti walipima damu ya kobe wa maeneo machafu na ya kulinganishia, lakini walipima pia zebaki na hidrokaboni za aina ya PAH, zitokanazo na mafuta na uchomaji. Damu huonyesha kwamba kuna kinachoharibu DNA. Kujua ni nini kunahitaji kemia ya tope na ya tishu. Anayedai kutaja sumu kwa kusoma slaidi peke yake anabahatisha.

Kuna jambo linalonisumbua ambalo vitabu hulipita kimya. Seli nyekundu ya binadamu huishi siku kama 120. Kwa kobe wa Terrapene wa Marekani imepimwa kuwa siku 600 hadi 800. Kiini kidogo ninachokiona leo huenda kilitokea mwaka juzi, kabla kiwanda hakijajengwa au baada ya kufungwa. Pelomedusa wetu, kobe wa maji wa Afrika anayejizika ardhini bwawa likikauka, simtarajii atengeneze damu mpya kwa kasi ile ile kiangazi na masika. Kwa hiyo napendelea kuhesabu kwanza seli changa, zilizoundwa karibuni, japo ni chache na zinachosha macho.

Viini vyenye mbonyeo au vifundo navyo naviandika safu yake, sivijumlishi na viini vidogo. Chanzo chake bado kinabishaniwa, na wanaovijumlisha ili namba ipande wanatuharibia kipimo.