Seva ya faili nyumbani: pesa iende kwa diski na UPS kwanza

Watu wa picha za harusi hapa Kisumu huniuliza sana, fundi, ninunue prosesa gani ya hiyo seva ya faili, yaani kompyuta ya kuwekea picha zote na kuzifikia kwa netiweki, na mimi nawarudishia swali: diski ni gani, na stima ikipotea itakuwaje? Manake prosesa si shida. Kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, Dell OptiPlex ama HP EliteDesk yenye i5 ya kizazi cha 6 au 7, inatosha na inabaki, mradi uchukue ile ya boksi kubwa inayoingiza diski mbili za inchi 3.5, si vile vidogo vya kufungwa nyuma ya skrini. Waya wa netiweki wa gigabiti unapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde na diski ya kawaida inafika hapo bila jasho, sasa i7 unailipia nini?

RAM gigabaiti 8, twende mbele.

Kwa diski ndio watu huumia. Kuna za aina mbili, CMR na SMR: kwa CMR njia za data zimekaa kando kando, kwa SMR zimepandiana kama mabati ya paa, ukitaka kubadilisha la chini lazima uguse la juu, kwa hivyo kuandika mfululizo kunakuwa polepole vibaya sana, na siku diski moja ya RAID (hapa ni diski mbili zinazoandika kitu kile kile) imekufa umeweka mpya ijengwe upya, inaweza kuchukua masiku ama mfumo uitupe nje kabisa. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba hata WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zile namba yake inaishia EFAX, ni SMR, na zilikuwa zinauzwa kwa kazi hii hii! Siku hizi tafuta Red Plus ama Seagate IronWolf, hizo ni CMR. Barracuda ya terabaiti 4, ST4000DM004, ni SMR. Soma namba kwa stika mwenyewe, maneno ya muuzaji achana nayo.

Ya mtumba omba uichomeke kwanza, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie masaa, mwaka mzima ikiwaka ni 8,760, halafu laini ya 05, sekta zilizohamishwa. Kama si sifuri, mrudishie.

UPS nayo, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, usiilete ya mwisho. Mvua ya jioni ikianza na radi hapa kwetu stima inacheza, na seva ikizimika katikati ya kuandika faili zinaharibika. Chukua yenye tundu la USB, OpenMediaVault na TrueNAS, mifumo ya kuendesha seva ya faili, zote zinaisoma kupitia programu ya NUT, betri ikishuka seva inajizima yenyewe. Na kama intaneti yako inatoka kwa antena ya paa, ukisikia ngurumo chomoa ule waya pia, radi hupitia hapo.

Token usiogope, mashine ya wati 30 usiku na mchana ni kama uniti 22 kwa mwezi.

Halafu RAID si kopi. Ukifuta harusi ya mteja inafutika kwa diski zote mbili papo hapo, kwa hivyo nunua diski ya tatu, na hapa hata hiyo Barracuda inafaa, unanakili Jumapili, unachomoa, unaipeleka ikae nyumba nyingine.